Asiyekuwapo na Lake Halipo

Wako wafundishao kuwa kususia ni ushujaa, na kuketi baraza moja na mpinzani ni unyonge. Nalikanusha fundisho hilo, na shahidi wangu ni mkoa wa Kaskazini-Mashariki ya Kenya.

Katika mwaka 1962 Abdirashid Khalif, mjumbe wa kaskazini katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuwa London pamoja na wenzake kudai kuwa nchi yao iungane na Somalia. Hakuwa mtu mkubwa katika siasa za dunia, lakini alisema, akasikiwa. Uingereza ilituma tume ya watu wawili, nayo ikaona kuwa Wasomali walio wengi walitaka kujitenga. Hata hivyo, katika Machi 1963, waziri Duncan Sandys alitangaza kuwa watabaki Kenya. Uchungu wao ulikuwa wa haki: ni dhihaka kumwuliza mtu rai yake kisha kuitupa.

Lakini dawa waliyoichagua ilishinda ugonjwa kwa ubaya. Uchaguzi wa Mei 1963 waliususia. Bunge lilipoanza kazi, viti vya Garissa, Wajir na Mandera vilikuwa vitupu. Wenye ulimi walipojitenga, wenye bunduki walisema badala yao. Katika Juni Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido. Katika Desemba hali ya hatari ilitangazwa. Vita vilidumu hadi 1967. Wafugaji walikusanywa vijijini chini ya ulinzi, mifugo yao ikaangamia, na mpaka haukusogea hata shibiri moja.

Pengine utauliza: kiti kingewafaa nini mbele ya askari? Tazama mwaka 1984. Askari wa serikali walipoua mamia ya wanaume Wagalla, karibu na Wajir, mbunge wa Wajir Magharibi, Ahmed Khalif, alisimama Bungeni akayafichua mauaji hayo. Hakuweza kufufua wafu, lakini aliwanyima wauaji kimya walichokitamani. Katika mwaka 2013 tume ya taifa ya ukweli na haki iliandika lawama ya serikali katika jambo hilo.

Kwa hiyo, kijana wa Garissa, ukikasirika, na kukasirika ni haki yako, ingia barazani na hasira yako. Ukikiacha kiti chako, atakayesema kwa jina lako hutamchagua wewe.