Bei ijulikane kabla ya sindano

Mzazi wa Bungu, juu ya Korogwe mkoani Tanga, anayeteremka mlima na mtoto mwenye homa kali hahitaji semina kujua malaria ni nini. Huko chini, Korogwe, watoto walishiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014, sambamba na wenzao wa Bagamoyo. Kwa jumla walikuwa zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika.

Kampuni ya GSK iliianza kazi ya kuitengeneza chanjo hiyo miaka ya 1980. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike kwa upana Oktoba 2021. Safari ndefu kama hiyo inahitaji mtaji binafsi, nasi tunaukaribisha. GSK iliahidi faida ya takriban asilimia 5 tu, irudishwe kwenye utafiti. Ni ahadi njema, lakini ilitoka kwa hiari ya kampuni.

Kwa kampuni ijayo tusitegemee hiari. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) zidai bei na mgawo wa chanjo kwa nchi viandikwe kwenye mkataba kabla mtoto wa kwanza hajachomwa sindano ya majaribio, na mkataba huo uwekwe wazi wananchi wausome.