Kazi za Nyumbani: Wino wa Kubaki na Wino wa Kutoka

Leo tuseme juu ya kitambaa chenye kupigwa chapa. Ni kile unachonunua sokoni, picha iko tayari juu yake: maua, ao ndege, ao nyumba katikati ya theluji ambayo hakuna mtu wa kwetu aliyepata kuikanyaga. Kazi yako ni kufuata paka kwa sindano. Wababa, msigeuze ukurasa. Feza ya kitambaa hiki inatoka mara nyingi katika feza ya chakula, na kinapoharibika ni nyumba yote inayokosa.

Hesabu kidogo. Picha ya misalaba 140 kwa upande na 140 kwenda juu, juu ya kitambaa cha Aida cha 14, ni kitu cha sentimeta 25 na nusu tu, kama mto mdogo. Lakini ndani yake iko misalaba 19,600. Binti anaishona miezi na miezi, kila magaribi kisha kuosha vyombo. Halafu siku ya kuifua, katika beseni moja la maji, kazi yote inaweza kupotea. Juu ya nini? Juu ya wino.

Watu wengi wanafikiri kitambaa chenye chapa ni kitambaa chenye chapa, basi. Hapana. Iko namna mbili, na sheria zao zinapingana.

Ya kwanza ni Aida, ile yenye vikaro vidogo na matundu kwenye pembe zake. Hapa unashona ua, na pembeni ya ua kitambaa kinabaki wazi, cheupe. Kwa hiyo wino unapaswa kutoka. Kiwanda kinapiga chapa kwa wino unaoyeyuka katika maji, nawe ukimaliza kushona unaosha, alama zinaenda, misalaba inabaki. Hatari yake ni pasi. Mama anaona kitambaa kimekunjamana, anakipiga pasi mbele ya kukiosha, na moto unaufunga wino ndani ya pamba. Kisha hapo utasugua mpaka vidole viume. Osha kwanza, wino uishe wote, kiisha pasi. Soma pia ile karatasi inayokuja na kitambaa: nyingine inaomba maji baridi, nyingine ya vuguvugu. Kama karatasi imepotea, jaribu kwenye ukingo mbele ya kushona hata msalaba mmoja.

Ya pili ni kaneva ya tapisseri, kile kitambaa kigumu chenye matundu makubwa, ambacho unakijaza chote kwa nyuzi za manyoya. Hapa hakuna mahali panapobaki wazi. Wino haupaswi kutoka, unapaswa kubaki na kufichwa chini ya uzi. Ndiyo maana kiwanda kizuri kinapiga chapa kwa rangi zinazofanana na nyuzi zenyewe: kama mshono umeacha nafasi kidogo, jicho haliioni. Na kaneva inapinda wakati wa kushona, kila mwenye kushona anajua. Ili kuinyoosha, unailowesha, unaivuta juu ya ubao, unaipigilia misumari midogo pande zote na kuiacha ikauke. Sasa waza wino ule ukiwa ni wa kuyeyuka: unapanda katika manyoya, na waridi lako linakuwa la majivu. Kwa hiyo mbele ya kuanza, lowesha pembe moja, kandamiza kitambaa cheupe juu yake. Kikitoka na rangi, mrudishie muuzaji, na usione haya.

Chapa hizi zina historia ndefu. Katika 1804, huko Berlin, Ujerumani, muuzaji wa picha aliyeitwa Philipson alitoa karatasi za karo zenye rangi: karo moja, mshono mmoja. Katika 1810 Wittich naye akaingia katika kazi ile, na karatasi za Berlin zikafika mpaka Uingereza na Marekani. Rangi zilitiwa kwa mkono, karo kwa karo. Lakini picha ilikuwa juu ya karatasi. Mwenye kushona alipaswa kuhesabu. Na ile nyumba ya DMC ambayo nyuzi zake zinajulikana po pote, ilipoanza Mulhouse katika 1746, haikutengeneza nyuzi. Ilikuwa inapiga chapa maua juu ya pamba. Bibi zetu wengi waliojifunza sindano katika fwaye za kambi, wakati wa Union Minière, walijua kuhesabu. Mimi, kama mtaniuliza, ninapenda kuhesabu kuliko chapa. Mwenye kuhesabu hategemei muuzaji.

Lakini vijana wananiambia: Mchungaji, tutachapa wenyewe, fotokopi iko hapa kwenye barabara. Vema, tuone. Unachora picha juu ya kayee ya karo za milimeta 5. Karo ya Aida ya 14 ni milimeta 1.81. Unamwambia mwenye mashine apunguze mpaka 36 kwa mia; karo inakuwa milimeta 1.8. Inaonekana ni sawasawa, si ndiyo? Kwa misalaba kumi, hakuna shida. Kwa misalaba mia, umekosa milimeta 1.4, karibu msalaba mzima. Ua lako litaanza vizuri na kumalizika kati ya matundu. Hata viwanda vinashindwa hapa, kitambaa kikivutwa kidogo wakati wa kuchapa. Mbele ya kununua, chagua mstari mmoja wa matundu, uufuate kwa ncha ya sindano toka mwanzo mpaka mwisho. Kama alama za chapa zinauacha mstari, kiache sokoni. Kama umekwisha kukinunua, fuata matundu, si wino.

Kwa Aida, basi, acheni fotokopi ibaki karatasi, mhesabu. Kuchapa nyumbani kunafaa kitambaa cha kawaida, ambapo unashona kwa kufuata mstari. Namna ya zamani ni makala: chora juu ya karatasi nyembamba, toboa mstari wote kwa sindano, matundu karibu karibu, weka juu ya kitambaa, na upitishe unga laini wa makala kwa kipande cha nguo. Ondoa karatasi polepole, unganisha nukta kwa kalamu ya risasi iliyochongwa vizuri, kisha pukuta unga. Karatasi ile moja itachapa vitambaa vingi, na makala haikosekani kwetu.

Fotokopi nayo inaweza kuhamia kwenye pamba kwa pasi yenye moto, uso wa karatasi chini. Kandamiza bila kuburuta. Wino wake hautoki, kwa hiyo uzi ufunike mstari wote. Na wewe unayetaka kuandika jina la mchumba juu ya mto, omba kwanza kopi iliyogeuzwa kama katika kioo, kwani pasi itaigeuza tena.