Wazimu wa Mjomba si Aibu ya Binti

Mwaka jana hapa Tabora posa ilivunjwa baada ya mahari kukubaliwa. Binti alikosa nini? Wazee wa mwanamume waliambiwa kwamba mjomba wake ni mgonjwa wa akili, wakasema hawataki damu ya wazimu. Nami nilikuwapo barazani, nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Ndugu zangu, mnaitaja damu kana kwamba mmeisoma! Basi tuwasikilize walioisoma. Mwaka 2022 wataalamu wa nchi nyingi walitangaza uchunguzi wao juu ya maradhi ya akili yaitwayo skizofrenia. Katika wagonjwa zaidi ya 76,000 walikuta sehemu 287 za urithi wa mwanadamu zinazohusiana nayo. Kwa hiyo hakuna chembe moja ya wazimu inayotoka kwa mjomba ikamwingia mpwa. Ziko nyingi, kila moja ina nguvu ndogo, na wenye akili timamu wanazo pia, pengine hata wewe uliyeivunja posa.

Sisi watu wa njia ya Bagamoyo na Ujiji tusishindwe kulifahamu jambo hili. Nani aliona msafara wa mpagazi mmoja? Chembe hizi nazo huenda kwa wingi, hii ikiongeza na ile ikipunguza, nazo huujenga ubongo tangu tumboni mwa mama mpaka ujanani. Mwaka 2016 ilibainishwa kwamba iitwayo C4 huhusika na kupogoa viungo baina ya seli za ubongo. Ikizidi, hatari huzidi, lakini peke yake haimwuguzi mtu. Tena huja mambo ya nje: bangi, na mateso ya utotoni. Hata pacha wa kufanana, ambaye urithi wake ni ule ule, mwenzake akiugua yeye huugua kwa kadiri ya nusu tu. Katika watoto 100 wenye mzazi mmoja mgonjwa, kama 90 hawaupati. Basi mjomba ana nini?

Mtasema: dini imetuamuru kuchagua. Naam, chagueni dini na tabia. Fiqhi yetu ya Kishafii imeuhesabu wazimu wa mume au mke mwenyewe kuwa aibu ya kuvunjia ndoa. Wazimu wa jamaa yake haumo. Na Bukhari na Muslim wamepokea habari ya bedui aliyemshuku mkewe kwa kuzaa mtoto mweusi. Mtume (S.A.W.) alimwuliza juu ya rangi za ngamia wake, hata akakiri kwamba huenda ni asili ya mbali iliyovuta. Tazameni! Mtume aliutaja urithi ili kuilinda heshima ya mwanamke. Ninyi mnautaja ili kuivunja.

Na madhara hayaishi kwa binti. Kwa kuogopa ndimi zenu, watu huwaficha wagonjwa wao vyumba vya uani, wengine wamefungwa minyororo, na hospitali ya Mirembe iko Dodoma, kwenye reli hii hii yetu. Mgonjwa anakosa dawa ili mpwa wake apate mume. Dhambi hiyo ataibeba nani?

Basi, enyi mawalii wa Tabora na wa Pwani, mtibuni mgonjwa na mwozeni binti. Nami namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kimya changu cha siku ile. Amin.