Mtoto wa Kwetu Hatoshi

Kila uongozi mpya wa soka unapopatikana Kinshasa, vijiwe vya Goma huuliza swali moja: kuna mtoto wa kwetu ndani? Ndugu zangu, swali hilo limetudumaza. Ushahidi nautoa mbali, visiwani Zanzibar.

Tarehe 16 Machi 2017, mkutano mkuu wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, mjini Addis Ababa uliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55. Siku hiyohiyo Ahmad Ahmad wa Madagascar alimwangusha Issa Hayatou katika uchaguzi wa rais wa CAF kwa kura 34 dhidi ya 20. Mtu wa kisiwa, wa bahari ileile. Nani angedhani kwamba wenzake wa visiwani wangepoteza kitu chini yake? Lakini tarehe 21 Julai, miezi minne tu baadaye, mkutano wa Rabat ukaufuta uanachama ule. Hoja ilikuwa katiba: nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili, na Tanzania ilikwisha kuwamo kupitia TFF, chama chake cha soka. Wazanzibari hawakupungukiwa na mpira, kwani Kombe la Chalenji la CECAFA walilitwaa mwaka 1995. Walifunguliwa mlango kabla kifungu hakijarekebishwa, na undugu wa bahari haukuwafaa kitu.

Hasara yake si ndogo, kwani asiye mwanachama wa CAF hawezi kuingia FIFA. Kwa miaka 2023 hadi 2026, FIFA imetenga hadi dola milioni 8 kwa kila chama mwanachama, Komoro sawa na Kongo yetu kubwa, na kura ya kila mmoja ni moja. Komoro waliingia FIFA mwaka 2005. Januari 2022 waliifunga Ghana 3-2 katika Kombe la Afrika. Cabo Verde, watu wapatao nusu milioni, walifuzu Kombe la Dunia Oktoba 2025. Zanzibar ina watu zaidi ya milioni moja na nusu, lakini haina kiti wala fungu lake.

Sasa waangalieni Gibraltar, mji mdogo juu ya mwamba, ambao Hispania haikutaka uingie. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilibana kanuni zake mwaka 2001, ikataka nchi zinazotambuliwa na Umoja wa Mataifa pekee. Gibraltar walikuwa wameomba kabla ya hapo, na barua zao zilikuwa na tarehe. Wakazipeleka katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Lausanne. Ilichukua miaka mingi, lakini UEFA iliwapokea 2013 na FIFA 2016.

Sisi je? Nimekaa katika mikutano ya ekipe za mitaa yetu. Dai la mchezaji au la matokeo hupelekwa kwa simu, kwa mtu tunayemfahamu. Likiandikwa, huandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, bila tarehe, na hakuna nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Mwezi ukipita, aliyepokea akisema hakuona kitu, hatuna la kumwonyesha. Hilo ni kosa letu wenyewe, wala si la Kinshasa, ingawa Kinshasa nako mambo yaliharibika hata FIFA ikaiweka FECOFA, shirikisho la soka la Kongo, chini ya komite ya kuirekebisha mwaka 2023. Na tangu waasi wa M23 waliposhika mji wetu wa Goma Januari 2025, umbali kati yetu na ofisi zile umezidi. Aliye mbali na ofisi ndiye hasa anayehitaji karatasi safi.

Wazee wa klabu za Virunga na Dauphin Noir, viongozi wa ekipe za Majengo na Ndosho, nawasihi: itafuteni katiba ya FECOFA, isomwe na kufasiriwa kwa Kiswahili mbele ya wachezaji wenyewe. Mapato ya mlangoni yasomwe kwa sauti, hata yakiwa ya aibu. Kila dai liwe na tarehe na nakala mbili. Na mgombea akija kutuomba kura kwa jina la ukoo au kabila, aulizwe atarekebisha kifungu kipi, na lini.