Sukari Si Kimea: Majibu kwa Madai Sita Kuhusu Bia ya Nyumbani

Kilimani, Lavington na Westlands jijini Nairobi wapo watu wanaotengeneza bia kwa seti: kopo la shira ya kimea iliyokwisha kutiwa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), pakiti ya hamira, kilo ya sukari, na maji hadi lita 23. Wengi huishia hapo. Hatua inayofuata ni kuchukua shira ya kimea isiyo na hopsi na kuichemsha mwenyewe, lakini madai yaliyozagaa huwatia hofu. Ninayajibu moja baada ya jingine kwa sababu yanawanyima watu bia nzuri.

Dai la kwanza: "Kopo na shira ni kitu kimoja."
Si kweli. Kwenye kopo, kiwandani walishaamua uchungu na harufu ya bia yako. Halafu kuna ile kilo ya sukari. Ukitumia kopo la kilo 1.7, karibu nusu ya kilevi hutokana na sukari hiyo. Sukari huliwa yote na hamira, haiachi ladha wala uzito mdomoni, ndiyo maana bia hutoka nyepesi. Kimea huacha sehemu ya sukari zake ambazo hamira haiwezi kula, na hizo ndizo huipa bia mwili. Weka shira ya kimea mahali pa sukari, nawe utaionja tofauti kabla hujabadilisha kitu kingine chochote.

Dai la pili: "Utahitaji mtambo."
Unahitaji sufuria. Chemsha lita nane au kumi kwenye jiko la gesi, poza upesi, kisha jazia maji safi yaliyochemshwa na kupozwa ndani ya ile ndoo uliyokuwa ukitumia kwa seti. Ukitaka rangi na ladha zaidi, loweka nafaka kidogo za kimea kilichokaangwa ndani ya mfuko wa kitambaa, kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 70 kwa nusu saa, kabla ya kutia shira. Mafundi wa Kamukunji huunda sufuria kubwa kuliko utakayohitaji.

Dai la tatu: "Nairobi haifai, iko juu na ina baridi."
Nusu ya dai hili ina ukweli, na ukweli huo una dawa. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Dagoretti na Karen unazidi kupanda. Maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hopsi hutoa uchungu polepole kuliko Mombasa. Basi chemsha saa moja na nusu badala ya saa moja, au ongeza hopsi za mwanzo. Zile za harufu zitie dakika za mwisho.

Ama baridi, ni neema. Hamira ya bia za aina ya eli hupenda nyuzi 18 hadi 22, na nyumba nyingi za Nairobi hukaa humo bila mashine yoyote. Julai ifunike ndoo kwa blanketi. Februari ikalishe ndani ya beseni la maji.

Dai la nne: "Pombe ya nyumbani hupofusha."
Hofu hii ina makaburi nyuma yake, na haifai kudharauliwa. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Kilichowaua ni methanoli katika pombe kali. Bia ya kimea haikenekwi, wala uchachukaji wake hautoi methanoli ya kiasi cha kudhuru. Adui wa mpishi wa bia ni uchafu, na kinga yake ni kuosha na kuua vijidudu kwenye kila chombo kitakachogusa bia iliyopoa.

Dai la tano: "Haya ni mambo ya wageni."
Nenda Kangemi au Kawangware uwaulize akina mama wanaojua busaa. Unga wa mahindi huchachushwa, hukaangwa, kisha huchanganywa na maji na kimea cha wimbi. Kimea hicho ndicho chenye vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Mama wa busaa huotesha nafaka yake mwenyewe. Anajua kazi ambayo mtu wa shira hununua ikiwa imekwisha kufanywa. Anayehama kutoka seti kwenda kwenye kimea anausogelea ujuzi wa hapa hapa.

Dai la sita: "Mradi huuzi, sheria haikuhusu."
Hili ni la hatari kuliko yote. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, iliyoondoa marufuku ya chang'aa, inataka leseni kwa kutengeneza kileo, si kwa kuuza peke yake. Kwa hiyo uliza kwanza ofisi ya leseni za vileo ya Kaunti ya Nairobi, na usimpe kileo aliye chini ya miaka 18.

Ukishajiridhisha na hilo, anza na badiliko moja tu: sukari itoke, kimea kiingie. Mapishi yanayofuata, tia hopsi mwenyewe. Bia ni kimea, na anayekiongoza kimea ndiye mpishi. Mwenye kopo bado anapikiwa.