Karanga za Kuvuka Mpaka

Wapenzi akina mama, mwezi huu tuzungumze juu ya karanga. Hapa kwetu Dodoma, kuanzia Kongwa hadi Bahi, karanga ndiyo ada ya shule, na ndiyo mboga ya nyumbani. Siku hizi wengi wetu tunatamani kuziuza hadi Kenya. Ni wazo jema, na msaada wa Serikali upo, ila wengi hatujui pa kuanzia.

Kwanza ni mtaji. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Mwoneni ofisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.

Pili ni SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Hufundisha kusindika na kufungasha, tena humwandikia mjasiriamali mdogo barua ya kumtambulisha kwa Shirika la Viwango, TBS. Huko, alama ya ubora hutolewa bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo.

Tatu ni mpakani. Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa mazao ya Afrika Mashariki yaliyomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasilia pale pale forodhani, na hautozwi ushuru wa forodha. Cheti cha afya ya mimea bado kinatakiwa. Basi njia za panya za nini?

Lakini akina mama, karatasi haikaushi karanga. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti. Sumu hii hutokana na ukungu. Huwezi kuiona kwa macho, na kupika hakuiondoi. Sisi wauguzi tunaukumbuka mwaka 2016, Dodoma na Manyara: waliripotiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao walifariki.

Kwa hiyo tuanike karanga juu ya turubai au kichanja, si chini kwenye udongo. Tusizilowanishe maji ili zibanguke upesi. Magunia tuyapange juu ya mbao. Tuchambue zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu.

Na hizo tulizozitoa, huenda wapi? Mara nyingi huenda kwenye kinu, zikawa unga wa uji wa mtoto! Mnunuzi tusiyemjua apate safi, na mtoto wetu apate makapi? Tuzifukie, hata kuku tusiwape. Karanga isiyomfaa mnunuzi wa Nairobi haimfai mtoto wa Chamwino.

Tukutane tena mwezi ujao.