Uhasibu: Chuo Kikuu au Kazini?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, wazazi wengi wa Dodoma, Kondoa na Manyoni hukabiliwa na swali gumu. Je, kijana aliye hodari wa hesabu aende Chuo Kikuu cha Dodoma akasomee shahada, au aanze kazi katika chumba cha hesabu, huku akifanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu ngazi kwa ngazi? Mwalimu ndiye huulizwa kwanza, na mara nyingi hujibu bila kusita kwamba njia ni shahada tu. Jibu hilo halitoshi.

Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, mabenki na viwanda viliingia mikononi mwa umma kabla hawajapatikana wananchi wa kutosha wa kuviandikia hesabu. Ndiyo sababu Shirika la Ukaguzi liliundwa mwaka 1968, na mwaka 1972 ikatungwa sheria iliyoanzisha Bodi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, katika kikao chake cha Musoma, iliamua kwamba vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu. Utekelezaji ulikuwa na dosari zake, na sharti hilo lililegezwa katika miaka ya 1980. Hata hivyo, hoja ya msingi kwamba kazi nayo ni shule haijapata kupinguliwa.

Watu wa Kongwa hawana haja ya kuelezwa maana ya hesabu zilizopuuzwa. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza huko mwaka 1947 haukukosa wasomi wala fedha, lakini mwaka 1949 wakaguzi wenyewe walitamka kwamba vitabu havikuwekwa ipasavyo. Ukame na udongo mgumu vilichangia kuuangusha, ila daftari la ghala lisiloaminika halisababishwi na ukame.

Shahada ina faida ambazo haifai kuzibeza. Mwenye shahada ya uhasibu husamehewa mitihani ya ngazi za chini za Bodi, na ajira ya mhasibu serikalini humfungukia mapema. Husoma pia sheria, uchumi na kodi kwa utulivu ambao karani hana. Lakini joho halimfanyi mtu kuwa mhasibu mwenye CPA. Naye hana budi kuikabili mitihani ya Bodi na kutimiza miaka ya uzoefu kazini. Wapo wahitimu wanaoijua mizania kwa nadharia, ambao hawajapata kuoanisha hesabu za benki na daftari la fedha taslimu la shule moja ya kata.

Njia ya kazini nayo ina hatari yake, na hatari hiyo hutoka kwa waajiri. Mitihani ya Bodi hufanyika Mei na Novemba. Mei ndiyo wakati halmashauri zinapohangaika kufunga mwaka wa fedha unaokwisha 30 Juni, na Novemba wakaguzi wa nje huwa wamekwisha kuingia ofisini. Karani akiomba ruhusa, huambiwa asubiri. Husubiri mwaka huu na mwaka ujao, hata akazeeka akiandika hati za malipo tu, asiguse kamwe taarifa ya mwisho wa mwaka. Huko ni kumtumia kijana; kumfundisha ni jambo jingine.

Kwa hiyo mwalimu anayeulizwa na mzazi aanze kwa kuuliza naye: katika ofisi hiyo yupo mhasibu mwenye CPA atakayemsimamia kijana, na je, atahamishwa kutoka malipo kwenda mapato, mishahara hadi ukaguzi wa ndani? Kama yupo, kijana aanze kazi bila kujiona duni kwa wenzake wa chuo kikuu. Kama hayupo, aende chuo.

Wakurugenzi wa halmashauri, kwa upande wao, waweke kwa maandishi siku za masomo na za mitihani za kila karani wa hesabu, na wazitenge mwaka unapoanza Julai, kabla shughuli za Mei hazijawafikia.